Kumpata mtu wa usafi anayeifaa nyumba yako Dar es Salaam: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Hapa mtaani kwetu Tabata karibu kila mwezi naulizwa, "Dada, huna mtu wa usafi unayemjua?" Nami huwa nauliza kwanza: wa kufanya nini? Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wanasema "kazi za kawaida tu." Lakini kazi za kawaida za chumba na sebule Manzese si kazi za kawaida za nyumba ya ghorofa Mbezi Beach yenye vyoo vinne na madirisha yanayotazama bahari. Kwa miaka 11 nimeajiri watu sita. Watatu waliondoka kabla mwezi wa pili haujaisha, na nikiwakumbuka mmoja mmoja, hakuna aliyeondoka kwa uvivu wala kwa wizi. Kazi niliyowaeleza mlangoni haikuwa kazi waliyoikuta ndani.

Mwongozo huu unamhusu mtu anayekuja asubuhi, anafanya usafi, anarudi kwake. Dada wa kulala ndani ana mambo yake mengine mengi, na hayo nitayagusa tu pale yanapokutana na haya.

Hatua ya 1: Ijue nyumba yako kwanza

Nunua daftari dogo. Kwa wiki mbili andika kila kazi ya usafi inayofanyika nyumbani, nani kaifanya, na imechukua dakika ngapi. Usikisie, angalia saa. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza nilikuta kudeki sebule, korido na vyumba vitatu kunakula dakika 50. Vyoo viwili na bafu, dakika 40. Vyombo na jiko, dakika 35. Kisha nikafika kwenye kufua. Sare za shule, mashuka, mataulo, nguo za kazini za watu wawili, zote kwa mkono: saa tano kwa wiki, karibu sawa na kazi nyingine zote za wiki nikizijumlisha. Miaka yote nilikuwa nasema natafuta mtu wa usafi, kumbe nilichohitaji ni mtu wa kufua ambaye pia atadeki. Hao ni watu wawili tofauti. Wapo mabingwa wa sakafu na vyoo ambao mikono yao inachubuka na sabuni ya unga, na wapo wanaofua shuka likang'aa ila jiko wanalipita juu juu.

Ukishapata hesabu ya muda, angalia mambo ya nyumba yenyewe, maana Dar ina mambo yake.

Maji ndiyo ya kwanza. Je, bomba linatoka kila siku, au mna mgao na maji ni ya simtanki, au mnanunua kwa boza? Nyumba ya maji ya ndoo inachukua muda zaidi kuisafisha, na inamhitaji mtu mwenye mpangilio: maji ya kusuuzia vyombo hayamwagwi, yanakwenda chooni. Kama maji yenu yanatoka Jumanne na Ijumaa, siku za kufua zimeshajipanga zenyewe, na mtu wako lazima awe huru siku hizo.

La pili ni vumbi na hewa. Ukikaa kando ya barabara ya vumbi Goba au Kinyerezi, nyavu za madirisha zinajaa ndani ya siku tatu, na kufuta samani ni kazi ya kila ziara. Ukikaa karibu na bahari, chumvi inakula vitasa, nondo na mapanga ya feni, kwa hiyo kufuta kwa kitambaa chenye unyevu kisha kikavu kunaingia kwenye ratiba. Kuanzia Machi hadi Mei, wakati wa masika, makabati yanatoa harufu ya ukungu na kuta za bafu zinapata madoa meusi. Kazi hiyo Agosti haipo, Aprili ipo. Iandike mapema.

Baada ya hapo gawa kazi zote katika mafungu matatu: za kila ziara, za mara moja kwa wiki, na za mara moja kwa mwezi (nyavu, feni, utando wa buibui, nyuma ya friji, ndani ya makabati). Pembeni andika kazi ambazo si usafi: kupika, kwenda sokoni, kumpokea mtoto kwenye basi la shule, kufagia uwanja, kuosha gari. Ukitaka mojawapo, itaje tangu mwanzo na uilipie. Ugomvi wa nyumba nyingi umeanzia hapa. Dada amekuja kudeki, wiki ya pili anaachiwa mtoto wa mwaka mmoja "kwa nusu saa tu", wiki ya tatu nusu saa imekuwa mchana mzima.

Hatua ya 2: Amua ni mtu wa mara ngapi

Daftari lenyewe litakwambia. Kama jumla ni saa sita au saba kwa wiki, siku mbili zinatosha, na huna sababu ya kumweka mtu kila siku akitafuta cha kufanya. Ikifika saa 20 na kuendelea, zungumzia mtu wa kila siku nusu kutwa. Kampuni za usafi ziachie kazi kubwa za mara moja moja: nyumba iliyotoka kujengwa, kuhama, kuosha makochi na kapeti. Kwa usafi wa kila wiki napendelea mtu mmoja ninayemfahamu, anayejua kwamba kitasa cha choo cha watoto kinataka kuinuliwa kidogo ndipo kifunguke.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya malipo kabla hujaita mtu

Usimwulize mtu "wewe unataka shilingi ngapi?" ukiwa huna hesabu yako. Mwenye shida atataja kidogo sana, na baada ya mwezi atagundua hawezi kuishi kwa hicho.

Anza na sheria. Amri ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na shilingi 120,000 kwa asiyeishi hapo. Wanaofanya kazi kwa wanadiplomasia na wafanyabiashara wakubwa waliwekewa 250,000, na kwa maofisa wenye stahili ya kuwekewa mtumishi wa nyumbani 200,000. Hivyo vilikuwa viwango vya wakati huo, na hupitiwa upya, kwa hiyo uliza ofisi ya kazi kiwango cha mwaka unaoajiri. Na kima cha chini ni sakafu: hairuhusiwi kwenda chini yake, lakini hakuna anayekukataza kupanda. Ukilinganisha shilingi 120,000 na kodi ya chumba, unga na ada ndogondogo za shule katika jiji hili, utaona mwenyewe kwa nini mtu anayelipwa hivyo anaendelea kutafuta kwingine.

Kisha ongeza nauli. Hapa naomba usome taratibu. Mtu anayetoka Mbagala kuja Mikocheni anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi. Zidisha nauli ya leo mara nne, zidisha tena kwa siku za kazi, halafu ondoa kwenye mshahara uliokusudia. Kinachobaki ndicho unachomlipa kwa kweli. Mimi nauli naitoa mbali na mshahara, na naitoa kwa wiki, Jumatatu asubuhi, ili asikope ya kuja kazini.

Chakula nacho kiamuliwe. Anayefika saa moja na nusu asubuhi na kuondoka saa nane mchana anahitaji chai na chakula cha mchana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mapumziko ya saa moja kwa mtu aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku, siku 6 na saa 45 kwa wiki. Zikizidi, saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Sheria hii haijamtenga mfanyakazi wa nyumbani.

Ukilipa kwa simu, tuma na ya kutolea. Shilingi elfu moja au mbili kwako ni kitu kidogo, kwake ni nauli ya kesho.

Hatua ya 4: Pa kumtafuta

Njia iliyonipa watu wazuri ni ya watu wanaoonana kila siku. Mama wa genge anajua nani anatafuta kazi na nani ni mwaminifu kwenye mikopo midogo ya nyanya na vitunguu. Mlinzi wa nyumba ya jirani anajua dada gani anafika kwa wakati. Wanakikoba, wanajumuiya, akina mama wa msikitini, wote wana mtu. Ukiwauliza, waeleze kazi kama ulivyoiandika: "Siku mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kufua kwa mkono na kudeki, hakuna mtoto." Utaletewa watu wachache, ila wanaofaa.

Ila dada anayefanya kazi kwa jirani yako usimwite pembeni ukamwongezea elfu kumi. Utampata leo, na mtaa mzima utajua utakavyompoteza kesho.

Madalali na makundi ya WhatsApp yapo, na wengine wamepata watu kwa njia hiyo. Mimi niliwahi kumlipa dalali mmoja pesa yote kabla ya kumwona mtu. Alileta binti kutoka mkoani, hajui jiji, na aliambiwa anakuja kuuza duka. Alikaa siku tisa akilia usiku, kisha tukamkatia tiketi arudi kwao. Simu ya dalali haikupatikana tena. Iliniuma zaidi kwa ajili ya binti yule kuliko kwa pesa. Kama utatumia wakala, hakikisha amesajiliwa na ana leseni ya kufanya kazi hiyo, lipa kwa mafungu, na zungumza na dada mwenyewe kwa simu kabla hajapanda basi: mwulize yeye ameambiwa anakuja kufanya nini.

Umbali usiudharau. Mtu wa kutembea kwa miguu au wa gari moja nampa uzito kuliko mwenye uzoefu mkubwa aliye ng'ambo ya jiji. Mvua kubwa ikinyesha, Jangwani ikajaa maji na Barabara ya Morogoro ikafungwa, mtu anayevuka pale hatafika, na wala halitakuwa kosa lake.

Hatua ya 5: Mazungumzo ya kwanza, na yafanyike ndani ya nyumba

Mkaribishe ndani, mpe kiti, mpe maji. Kama amekuzidi umri, shikamoo inatoka kwako, hata kama wewe ndiye unayeajiri. Mwite mama au dada, na umwulize yeye anapenda aitwe nani. "Hausigeli" na "beki tatu" usiyatumie, na watoto wako pia wasiyatumie.

Swali la "unajua kazi?" halina faida, kila mtu atajibu ndiyo. Mzungushe nyumba nzima, chumba kwa chumba, halafu mwambie akueleze. Mama mmoja kutoka Buguruni nilimsimamisha kwenye mlango wa choo nikamwuliza:

"Mama, tuseme umeingia hapa sasa hivi. Unaanza na nini?"

Hakujibu mara moja. Akatazama juu, akatazama bomba. "Maji yanatoka, au ni ya ndoo?"

"Leo yanatoka. Kesho sijui."

"Basi najaza hizi ndoo mbili kwanza. Halafu namwaga dawa chooni naiacha ikae. Naanza na kuta kutoka juu, nashuka kwenye bomba, beseni la kunawia, ndiyo nakuja kwenye choo. Sakafu mwisho, natoka kinyumenyume. Na mwanangu, tambara la huku mimi silipeleki jikoni, nitafutie la rangi nyingine."

Sikuwa na swali jingine. Alikaa kwangu miaka minne.

Sikiliza mpangilio: anatoka juu kwenda chini, anatenganisha vitambaa, anauliza kuhusu maji. Anayekuuliza maswali ameshaanza kuifikiria kazi. Kisha mwulize na haya: kazi gani huipendi au huiwezi? Nyumbani unaondoka saa ngapi, na watoto unamwachia nani? Una pumu au dawa za usafi zinakubana kifua? Una kazi nyingine siku zipi? Usiulize ya ndoa yake wala kama ana mpango wa kuzaa. Hayo ni yake.

Umri lazima uuulize. Sheria inakataza kumwajiri mtoto chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kufanya kazi za hatari. Kwa nyumba yenye dawa kali, ndoo nzito za maji na ngazi, mimi sichukui mtu chini ya miaka 18, na binti akiniambia ana 15 namwuliza kuhusu shule.

Mwisho mpe nafasi aulize yeye. Akinyamaza, msaidie: mweleze nyumba ina watu wangapi, nani anabaki nyumbani mchana, kama kuna mbwa, kama kuna mgonjwa. Mwanamke anayekuja kufanya kazi peke yake ana haki ya kujua kama kuna mwanamume atakayekuwemo ndani muda wote huo.

Hatua ya 6: Thibitisha, bila kumdhalilisha

Omba kitambulisho cha NIDA au namba yake. Kama hana bado, kitambulisho cha mpiga kura pamoja na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakoishi. Piga picha au toa nakala, na umrudishie chake papo hapo. Kukishikilia kitambulisho cha mtu ili asiondoke ni kumfunga, usifanye. Chukua namba ya ndugu mmoja na ya mtu aliyemleta. Nawe mpe zako: jina kamili, namba ya nyumba, namba ya mtu mwingine wa familia. Ndugu zake wajue yuko kwa nani.

Halafu mpigie simu aliyemwajiri kabla yako. Swali la "ni mtu mzuri?" litakupatia jibu la heshima tu. Uliza vitu vinavyoonekana. Alikuwa anafika saa ngapi? Kazi gani aliifanya vizuri kuliko zote, na ipi ulilazimika kumkumbusha? Aliondoka kwa sababu gani? Akija kesho kuomba kazi, utamrudisha? Baada ya swali la mwisho kaa kimya usikilize. Anayejibu "ningemrudisha hata leo" anajibu haraka. Anayesita, mwachie muda, atakwambia.

Hatua ya 7: Ziara tatu za majaribio, zenye malipo

Malipo kamili, jioni hiyo hiyo. Kumfanyisha mtu siku nzima bure kwa jina la majaribio ni kumdhulumu.

Ziara ya kwanza uwepo nyumbani, mwonyeshe vitu vilipo, kisha mwachie kazi. Usimfuate chumba kwa chumba. Ziara ya pili uwepo nusu ya muda. Ya tatu aifanye kwa orodha peke yake. Akiondoka ndipo utazame, na utazame mahali panaposema ukweli: nyuma ya choo, chini ya sinki la jikoni, kona za milango, na juu ya friji. Tazama pia maji ya kudekia. Anayebadilisha maji kila baada ya vyumba viwili sakafu yake ikikauka haina michirizi. Anayetumia ndoo moja kwa nyumba nzima ameusambaza uchafu, na ukipita peku utausikia chini ya nyayo. Tofauti na mengi mengine, hili linafundishika kwa siku moja, kwa hiyo usimkatae mtu kwa hilo pekee. Kinachofundishika kwa shida ni kufika kwa wakati na kusema ukweli kitu kinapovunjika.

Kuna watu huacha noti chini ya mto wamjaribu. Sikushauri. Mtu mzima akigundua umemtegea, na atagundua, hataifurahia tena nyumba yako. Vitu vya thamani vifungie, funguo kaa nazo, na mwambie wazi kwamba kabati lile halihitaji usafi.

Hatua ya 8: Andikeni mkataba

Watu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa kazi ya usafi wa siku mbili kwa wiki, ukurasa mmoja unatosha: majina yenu, umri wake na anakoishi, tarehe ya kuanza, kazi (bandika ile orodha ya mafungu matatu), mahali pa kazi, siku na saa, mshahara na siku ya kulipwa, nauli, chakula, likizo, na namna ya kuachana. Msomee kwa sauti hata kama anajua kusoma. Kama hajui, awepo mtu anayemwamini. Nakala mbili, kila mmoja na yake, na kila malipo yaandikwe na kusainiwa.

Mambo ya sheria ya kuyajua hapa ni machache. Anayelipwa kwa mwezi, notisi ya kuachana ni siku 28. Ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Ya uzazi ni siku 84, na siku 100 akijifungua mapacha. Kwa mfanyakazi wa kudumu zungumzieni NSSF pia, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii: mchango wote ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu yake yeye haizidi nusu ya hiyo.

Kinachowatesa wengi ni makato. Sahani imevunjika, shati limeungua kwa pasi, na mwisho wa mwezi mama mwenye nyumba anakata. Sheria inakubali kukata kwa hasara tu ikiwa imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, umemweleza kwa maandishi sababu na kiasi, umempa nafasi ya kujitetea, na makato hayazidi robo ya ujira wake. Mimi vyombo vya kila siku sikati kabisa. Anayeosha sahani 40 kwa wiki, mwaka mzima, ataivunja moja. Akijua hatakatwa atakwambia leo, na hutavikuta vipande nyuma ya pipa.

Mkishindwa kuelewana, kuna afisa kazi, kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na wafanyakazi wa majumbani wana chama chao, CHODAWU. Mwambie hayo yeye mwenyewe.

Hatua ya 9: Vifaa na usalama wake

Nunua wewe, kabla hajaanza: dekio, ndoo mbili, fagio la ndani na la chelewa, brashi za choo, glavu, vitambaa vya rangi tatu (choo, jiko, samani), na ngazi fupi imara. Kiti cha plastiki kisipandwe. Feni haifutwi mpaka swichi imezimwa.

Na hili mwambie siku ya kwanza, umrudie siku ya pili: jiki haichanganywi na dawa ya choo yenye asidi. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu. Nyumbani kwangu ilishatokea. Dada alitaka kuniridhisha, akamimina vyote viwili kwenye choo kimoja na mlango ameufunga ili watoto wasiingie. Nilimkuta ameketi koridoni, macho yanatiririka, anakohoa hawezi kuongea. Tulimtoa nje kwenye upepo, tukampeleka zahanati, akapona. Kosa lilikuwa langu, sikuwa nimemwambia. Tangu siku hiyo chupa hizo mbili hazikai rafu moja, na dirisha la choo linafunguliwa kabla kifuniko cha chupa yoyote hakijafunguliwa. Asidi pia isiguse sakafu ya terazo wala marumaru, inaila ikabaki na mabaka.

Hatua ya 10: Mwezi wa kwanza, na hata siku ya kuagana

Kosa likitokea, mwite muangalie pamoja, papo hapo kazi ilipo: "Dada, naomba tuangalie hapa nyuma ya bomba. Unaonaje?" Mara nyingi atasema mwenyewe. Usimwambie mbele ya wageni, wala mbele ya watoto, na usiyakusanye makosa ya wiki tatu uyamwage siku moja. Lililofanyika vizuri nalo litaje kwa jina lake: siyo "hongera" tu, bali "mashuka ya jana yamenyooka, asante."

Mwisho wa mwezi kaeni dakika 20 na ile orodha. Kazi gani haitoshi muda? Ipi haina haja tena? Hapo ndipo orodha inapoanza kuwa ya nyumba yenu nyote wawili, na hapo pia ndipo utajua kama ameshaipenda. Kwangu, mama yule wa Buguruni alifuta "kudeki veranda kila ziara" na akaandika "kuanika magodoro mara moja kwa mwezi", jambo ambalo sikuwahi kulifikiria, na harufu ya ukungu ya masika ikapungua.

Siku ya kuondoka itafika. Mlipe siku zote alizofanya na likizo ambayo hakuichukua, siku hiyo hiyo. Kisha mwandikie cheti cha kazi, ambacho sheria inakutaka umpe: jina lake, kazi alizofanya, tangu lini hadi lini. Chini yake weka sahihi na namba yako ya simu, na mtu akipiga kuuliza kama ungemrudisha, pokea.